Kiboko Aliyekuwepo Kila Mahali

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na ngano.

Iweke chini tuione!

Haina miguu ya kusimamia.

Basi itambae, tutaifuata!

Haya, inatambaa, inapanda ukuta. Kwenye ukuta huo aliishi Bi Mjusi, mwembamba kama uzi wa kushonea, na sauti yake ndogo hivi: tk, tk, tk. Ukikohoa, umeikosa.

Kazi ya Bi Mjusi ilikuwa kutazama wenzake wanavyoishi na kusimulia. Hakutumwa na mfalme, hakuajiriwa na ukoo wowote. Wakimuuliza, "Wewe unamfanyia nani kazi?" hujibu, "Namfanyia atakayenifungulia mlango." Na milango alifunguliwa mingi. Alikwenda kwa Vyura kusikiliza dua yao ya mvua, ambayo kila mmoja huiomba kwa sauti yake bila kumngoja mwenzake. Alikwenda kwa Pimbi, ambao kila asubuhi hupanda jiweni na kulielekezea jua matumbo yao, kimya; ukiwauliza kama wanaabudu au wanaota jua, wanakuuliza tofauti yake nini. Alikwenda hata kwa Fuko, chini ya ardhi, akajua wanavyoagana. Handaki lao ni jembamba, hakuna nafasi ya kugeuka, kwa hiyo anayeondoka huenda kinyumenyume, uso wake ukimwelekea anayebaki, mpaka kila mmoja asisikie tena pumzi ya mwenzake. Hilo la Fuko, Bi Mjusi alikaa nalo siku nyingi kabla ya kulisimulia.

Na kila alipofika, nyatu nyatu nyatu, aligonga mlango kwa mkia, ko ko ko, akasema maneno yale yale:

"Hodi wenyewe. Nimekuja kutazama. Nitazame nini, nisitazame nini? Niseme nini, ninyamaze nini?"

Wakimwambia tazama, alitazama. Wakimwambia nyamaza, alinyamaza. Ndiyo maana akirudi mara ya pili alikuta mlango uko wazi.

Shida ilikuwa jabali. Kila siku ya soko wanyama walikusanyika mbele ya jabali la mtoni kusikiliza habari, na aliyelikalia jabali alikuwa Bwana Kiboko. Hakuna aliyempa. Siku moja alikaa tu, bwata! na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwondoa. Mdomo wake ulikuwa mpana kama mlango wa ghala. Alikula kilichokuwa mbele yake, akamaliza, akaanza kula habari za wenzake.

Kila kesho ikiwa soko, alasiri alikuja ukutani kwa Bi Mjusi, ndi, ndi, ndi.

"We Mkia! Leta."

Bi Mjusi akamsimulia. Kesho yake Bwana Kiboko akapanda jabali, akapanua mdomo:

"Huuu! Huuu! Nilikuwepo mimi! Nimeona kwa macho yangu mawili!"

Kwa Vyura alikuwepo. Kwa Pimbi alikuwepo. Kwa Fuko, kwenye handaki lisilopitisha ngumi, alikuwepo. Hakuna aliyeuliza alipenyaje. Sauti ikiwa kubwa kiasi kile, watu huona haya kuuliza. Wengine wakaanza kumwita Mheshimiwa Shahidi, naye hakuwakataza.

Tena angesimulia kama alivyosimuliwa, afadhali. Vyura akawafanya walevi. Pimbi akawafanya wavivu. Kuagana kwa Fuko akakuigiza palepale jabalini, anarudi nyuma huku akitikisa makalio, soko zima likacheka hadi machozi.

Fuko mmoja alikuwa amekuja kununua mihogo. Yeye hakucheka.

Siku ya pili Bi Mjusi alipogonga kwa Fuko, ko ko ko, hakufunguliwa. Akagonga tena, ko ko ko. Akasikia pumzi nyuma ya mlango, mtu amesimama pale pale, hafungui.

Akarudi ukutani akakaa kichwa chini, kama wakaavyo mijusi wakifikiri. Kunyang'anywa jina alishazoea. "Mkia ukikatika unaota," alijiambia, "na jina labda litaota." Lakini mlango uliofungwa kwa aibu hauoti. Akiendelea hivi itafungwa yote, mmoja mmoja, naye atabaki mjusi wa kula mbu tu, asiye na la kumwambia mtu.

Mtasema, si angekataa? Haya, kataeni nyinyi, nyumba yenu ikiwa ufa wa ukutani na anayewaomba akiwa na uzito kuushinda ukuta.

Basi ukafika Mfungo wa Miiba, ibada ya Nungunungu. Nungunungu hawana mazoea ya kukaribisha watu. Umbo lenyewe halikaribishi. Bi Mjusi akaenda, nyatu nyatu nyatu, ko ko ko. Aliyefungua alikuwa Bi Sikudhani, bibi wa ukoo mzima, miiba yake yote imekuwa myeupe.

"Hodi wenyewe. Nimekuja kutazama."

"Ingia, mwanangu. Tazama."

Akatazama. Kila Nungunungu alileta mwiba mmoja uliomdondoka mwaka ule, akataja jina la mtu wake asiyerudi tena, akauweka mwiba chini. Mwiba, jina. Mwiba, jina. Hakuna aliyelia. Miiba ikafanya duara, wote wakakaa kuizunguka. Hapo Bi Mjusi akauliza kwa sauti ya chini, "Niseme nini, ninyamaze nini?"

"Sema yote uliyoyaona," akajibu Bi Sikudhani. "Jambo moja tu lisitoke nje ya mlango huu. Aliyeuona mwiba wa kwanza ukiwekwa chini, awe wetu, awe mgeni, hali kitu siku saba. Maji tu. Na huwa hatumwambii mtu kabla. Tukimwambia kabla, watakuja mabingwa wa njaa. Sisi tunamtaka aliyekuja kwa kuja tu."

Wakati huo huo mbu akapita mbele ya pua ya Bi Mjusi. Mnono.

"Hata mimi, bibi?"

"Una macho?"

"Ninayo."

"Basi hata wewe."

Bi Mjusi akamwacha mbu aende zake.

Alasiri ile ile, ndi, ndi, ndi.

"We Mkia! Nasikia umeingia kwa wale wa miiba. Leta."

Bi Mjusi akamtazama. Aliiona kesho yote kwenye mdomo ule: miiba imekuwa kichekesho, majina ya wafu yameimbwa kama matangazo ya samaki. Akamsimulia. Alisema yote aliyoruhusiwa kusema, hakupunguza. Aliloambiwa alinyamaze, alilinyamaza, kama alivyozoea.

Kisha akasema, "Bwana Kiboko, leo nakuomba. Hii usiseme ulikuwepo. Sema umeambiwa na Mjusi."

"Hee! Mimi niambiwe na wewe?"

"Nakusihi. Nyingine zote chukua, hii usiseme ulikuwepo."

Na hiyo ndiyo njia ya hakika ya kumfanya Kiboko afanye jambo: kumwomba asilifanye. Bi Mjusi aliijua njia hiyo. Alisema kweli tupu, na alijua itafanya nini.

Soko likajaa. Bwana Kiboko akapanda, bwata!

"Huuu! Huuu! Mfungo wa Miiba! Nilikuwepo mimi! Nimeona kwa macho yangu mawili!"

Nyuma ya umati kukasikika chaka, chaka, chaka. Ni Nungunungu, wanakuja kwa mstari, Bi Sikudhani mbele.

"Ulikuwepo, mwanangu?"

"Nilikuwepo!"

"Uliuona mwiba wa kwanza ukiwekwa chini?"

"Kwa macho yangu mawili!"

"Hebu fikiri kidogo. Ulikuwepo kweli?"

"Bibi, we kiziwi? Nilikaa mstari wa mbele!"

"Haya," akasema Bi Sikudhani. "Mwenzetu, pole na njaa. Zimebaki siku sita."

Akaeleza sharti mbele ya soko zima. Nungunungu wakalizunguka jabali, wakakaa, miiba juu, chaka. Bwana Kiboko akachungulia chini. Njia ya kushuka ilikuwa moja, neno moja tu, na neno lenyewe lilimkwama kooni kuliko mfupa.

Siku ya kwanza wakamuuliza, "Mheshimiwa Shahidi, ulikuwepo?"

"NILIKUWEPO!" Maji yakatikisika.

Siku ya pili wakamuuliza, "Mheshimiwa Shahidi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Maji yakatulia.

Siku ya tatu akapita Mama Ngiri na kapu la maboga kichwani. Aliliweka kapu chini apumzike kidogo, karibu na jabali, upande wa upepo.

"Sikuwepo!" akalia Bwana Kiboko. "Sikuwepo mimi!"

"Na kwa Vyura?" mmoja akauliza.

"Sikuwepo!"

"Na kwa Pimbi?"

"Sikuwepo!"

"Na kwetu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Fuko.

"Sijawahi kuwepo popote! Naambiwa na Mjusi! Nipeni boga!"

Nungunungu wakampisha. Hawakumcheka, walikuwa na ibada ya kumalizia.

Siku ya saba ya mfungo Bi Sikudhani akaenda mpaka chini ya ukuta wa Bi Mjusi.

"Ndiwe uliyempa."

"Nilimpa niliyoruhusiwa, bibi."

"Na usiloruhusiwa?"

"Nililinyamaza."

"Najua. Ila sasa soko zima linajua sharti letu. Nimelitoa mimi, kwa mdomo wangu, maana sikuona njia nyingine ya kuyalinda yale majina. Mwakani watakuja mabingwa wa njaa." Akausogelea ukuta. "Mwanangu, ulinyamaza kwa ajili yetu, au kwa ajili yako?"

Bi Mjusi maisha yake yote alikuwa muulizaji. Hakujua kama swali lina makali namna ile. Angeweza kujibu vizuri, maneno hayakumpungukia. Akakaa kichwa chini.

"Kwa ajili yenu," akasema mwisho. Halafu akasema, "Na kwa ajili yangu."

"Haya. Ongeza siku moja."

Akaongeza. Ile siku ya nane, nawaambia, ilikuwa ndefu kuliko zile saba zikiunganishwa.

Siku ya soko wakamwita jabalini. Bi Mjusi akapanda, amebaki ngozi na macho. Tk, tk, tk.

"Sema kwa sauti!" akapiga kelele Bwana Kiboko kutoka ukingoni, mdomo umejaa.

"Sina," akasema Bi Mjusi. "Sogeeni."

Wakasogea. Tangu jabali liwe jabali hakuna aliyewahi kusogea; ile sauti nyingine iliwafuata walipo. Sasa Pimbi wakakaa bega kwa bega na Vyura, na mbele kabisa alikaa Fuko. Bi Mjusi akamwinamia yeye kwanza.

"Niseme nini, ninyamaze nini?"

Fuko akafikiri mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Sema tunavyoagana," akasema. "Sema kama ilivyo."

Akasema kama ilivyo: handaki, pumzi, uso usiogeuka. Hakuna aliyecheka.

Soko lilipoisha, likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliamuru. Mmoja alirudi hatua nyuma bila kumpa mwenziwe kisogo. Wa pili akafanya vilevile. Wote wakaondoka kinyumenyume, wakitazamana, polepole, mpaka njia zikawatenga. Bwana Kiboko naye alijaribu. Lakini nyuma yake kulikuwa na mto.

Chubwi!

Basi wanangu, fundisho ni hili, lishikeni sana. Mkitaka kusimulia maisha ya watu, kaeni nyumbani. Kwenda kuona kunachosha, kuomba ruhusa kunapoteza wakati, na ukiulizwa swali la kweli unaongezewa siku ya njaa. Tafuteni mdomo mpana na jiwe la kukalia, heshima itakuja yenyewe. Mjusi msimwige. Mwaka mzima kakonda.

Ngano yangu imefika kwenye ufa, imeingia. Anayeitaka agonge kwanza.

Ko ko ko!

Haya, sogeeni.