Ua la Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mlango, na nje ya mlango pakawa na viatu. Viatu vya nani?

Vya wenyewe!

Basi wenyewe watulie, nisimulie.

Zamani sana, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na binadamu wakitembea pekupeku, alikuwako Nungunungu, mshona makubadhi. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia binti mmoja, jina lake Mashavu.

Nungunungu hakuwa na haja ya sindano. Alichomoa mwiba mgongoni, akashonea. Ukivunjika, akachomoa mwingine. Makubadhi yake yalikuwa magumu, mazito, ya rangi ya ngozi, na yote sawa. Hayakukatika. Wengi walitamani yakatike, wapate sababu ya kununua mengine.

Akaja Swala. "Mzee Nungunungu, nitilie kamba nyekundu."

"Kwani unavaa machoni?"

"Navaa miguuni."

"Basi." Swala akaenda zake.

Akaja Kanga, yule ndege. "Mzee Nungunungu, nitilie vidoti, hata vitatu."

"Kwani unavaa machoni?"

"Navaa miguuni."

"Basi." Kanga akaenda zake.

Akaja Mashavu, binti yake mwenyewe. "Baba, wiki ijayo naolewa. Nitilie ua, moja tu. Juzi nilirudi kutoka kisimani na viatu vya Pimbi, maana vyote unavyoshona vimefanana."

"Kwani unavaa machoni?"

Mashavu akampa mgongo. Aliondoka, na baba yake alijua anakokwenda. Ilimuuma, lakini akaendelea kushona, ingawa hakuna aliyeagiza.

Wote aliowanyima walikuwa wakienda kwa Kinyonga. Kinyonga alikuwa fundi wa rangi. Aliitemea ngozi mate, na kiatu kikashika rangi ya chochote kilicho karibu. Ukivaa shuka nyekundu, kiatu chekundu. Ukipita majanini, kiatu kijani. Mji mzima ukavaa vya Kinyonga, na kila mtu akawa anatembea akiinamia miguu yake. Waligongana sana siku zile.

Siku ya harusi ikafika. Bwana harusi alitoka ng'ambo ya mto. Alikuja na shangazi yake, na shangazi alikuja na mila yao: bibi harusi avuke kizingiti cha baba yake kwa viatu vyake mwenyewe, visivyoazimwa, kabla jua halijatua. Jua likitua hajavuka, wageni hurudi kwao na harusi hungoja mpaka mavuno mengine.

Wageni wakavua viatu mlangoni, juu ya mkeka, kama adabu inavyotaka. Mashavu naye akaweka vyake vya Kinyonga hapo. Wakaingia. Wakala pilau, wakala tena, wakala na ukoko.

Walipotoka, mkeka ulikuwa mtupu.

"Tumeibiwa," akasema Swala.

Wakamshuku Fisi. Fisi hakualikwa, lakini walimshuku kwa mazoea. Kisha Kanga akakanyaga mkeka, akajikwaa, akaanguka. Akapapasa.

"Vipo," akasema. "Havionekani tu."

Viatu vyote vilikuwa vimeshika rangi ya mkeka, mpaka na michirizi yake. Wote wakapiga magoti, wakapapasa. Swala akapata kimoja cha Kiboko, akasimama ndani yake kama aliyesimama ndani ya ungo. Kiboko akapata viwili vya Kanga, akavivaa vidoleni. Akatafuta pa kukaa ajaribu vingine, akakaa, na chini yake kitu kikapasuka. Mashavu, aliyekuwa bado ndani ya kizingiti, akanyoosha mkono, akaokota vipande, akavipima kwenye wayo wake. Vilikuwa vyake.

Kinyonga akaitwa. Alifika polepole, akatazama huku kwa jicho moja na kule kwa jicho la pili.

"Rangi imeshika vizuri," akasema, akageuka kurudi kwake.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa. Shangazi wa bwana harusi akaanza kufunga mzigo wake. Mashavu akakaa kizingitini, akalia.

Nungunungu hakuwa ameogopa hivyo tangu siku alipomzika mkewe. Vile alivyoshona bila kuagizwa havikumtosha binti yake. Akaleta ngozi, akapima mguu wake kwa uzi, akachomoa mwiba. Ukavunjika. Akachomoa wa pili. Ukavunjika. Akachomoa wa tatu, ukashona mpaka mwisho. Viatu vikawa tayari, na jua lilikuwa bado juu ya ardhi kidogo, kama upana wa vidole viwili.

"Vaa, mwanangu, twende," akasema shangazi.

"Bado," akasema Nungunungu. "Ua."

"Mzee, hii ndiyo saa ya maua? Kwani anavaa machoni?"

 Miaka yote Nungunungu alikuwa mwuliza swali hilo, hakuwahi kuulizwa. Akaona aibu.

"Huko mnakompeleka mimi sitakuwapo," akasema. "Akivua mlangoni pa watu wasiomjua, avitambue vyake. Na akivitazama, afurahi."

Akachomoa miba, si mmoja, si miwili, bali konzi nzima. Akaikatakata vipande vyeusi na vyeupe, akashona ua kwenye kila kiatu. Nusu ya mgongo wake ikabaki upara. Mashavu akavaa, akafuta machozi, akainua mguu.

Akavuka. Mguu wa kwanza, jua lipo. Mguu wa pili, jua halipo.

Watu wote wakamtazama shangazi. Shangazi akatazama kule jua lilikozama, akatazama viatu, akavitazama tena. Kisha akapiga kigelegele. Mila aliijua vizuri, ila ua lile lilikuwa zuri mno.

Ndiyo maana hata leo miba ya nungunungu huchomoka upesi. Wale wageni wengine walirudi kwao pekupeku, wakaona ni nafuu, hawakuvaa viatu tena, tukavirithi sisi. Mafunzo yake ni haya: ukimshonea mtu, mshonee kiatu kisichokatika, halafu usimnyime ua lake.

Hadithi imefika. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda alikuwa amelala tangu mwanzo, nilimwona.