Mafuta Yasiyokaa

Nina ngano, niimwage?
Imwage, tuizoe.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi, mjane, akikaa na wanawe katika pango la mawe. Kazi yake ilikuwa kukaanga mihogo. Jirani yake alikuwa Bwana Chui, naye aliipenda mihogo hiyo kuliko nyama, na kulipa halipi. Akija, anakula. Akishiba, anakula. Akichoka, anakula amelala.

Akanenepa hata akashindwa kupanda mti. Akijaribu, puu, yuko chini. Akaenda kwa Kanga, mganga wa mwituni. Kanga akampapasa tumbo, akamwambia aache mafuta, la sivyo moyo utamzimika.

Chui akarudi kwa Bi Pimbi amenuna. Kufa hataki, na mihogo haiachi.

"Kesho nataka mihogo ya kukaanga isiyo na mafuta," akasema. "Nikiikosa, nitakula wanao. Hao wembamba, mafuta hawana."

Bi Pimbi akalia. Alipomaliza kulia akawaficha watoto nyuma kabisa ya pango, akaenda jikoni. Akatwaa nta ya nyuki, akaiyeyusha, akatia ute wa mlenda, akakoroga, akakoroga. Ikang'aa kama mafuta yenyewe. Akakaangia mihogo: chwaaa.

Asubuhi Chui akaonja. Mitamu. Akataka kujua ni mafuta gani hayo. Bi Pimbi akamweleza kuwa si mafuta. Yanaingia mdomoni, yanapita tumboni, yanakwenda zake.

"Hayakai?"

"Hayakai, Bwana."

Akala sinia zima. "Hayakai?" "Hayakai." Akala sinia jingine. "Kweli hayakai?" "Hayakai, Bwana." Akalamba na chungu.

Akajinyoosha alale. Tumbo likasema: guruguru. Akakimbilia kichakani: pwaa. Akarudi, akajilaza. Guruguru. Akakimbia tena. Akawa hivyo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mbio zikawa mwendo, na mwendo ukawa kutambaa. Macho yakamwingia ndani, ngozi ikamning'inia kama shuka kwenye kamba.

"Umenifanya nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia hayakai," akajibu Bi Pimbi. "Chungu kingine kiko motoni. Nikupakulie?"

Chui akatazama jiko, akatazama kichaka. Akajikokota hadi mtoni, akavuka, na upande wa pango hakuonekana tena.

Bi Pimbi akawaita watoto, akawagusa mmoja mmoja, kichwa na mgongo. Wote wapo. Hapo akaketi palepale chini, akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watoto wakamlalia mapajani, nao wakacheka, ingawa hawakujua wanachekea nini.

Ngano imefika mwisho wake. Aliyeishika aondoke nayo, iliyemponyoka asinidai.

Na funzo lake ni hili: chakula kisicho na mafuta kina faida kubwa kwa afya, hasa afya ya mpishi.