Geji Iliyosema Bado

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni juzi juzi tu, Singida mjini walikuwako watu watatu wenye wazimu mmoja. Mwalimu Ntandu alisaga kioo cha darubini. Bi Mwasiti, mstaafu wa maabara, alileta pampu mbili, ndogo na ya turbo. Fundi Mkhoi, mchomeleaji, alitengeneza pipa la chuma. Walitaka kukipaka kile kioo alumini ili kirudishe mwanga wa nyota, na alumini haishiki vizuri mpaka hewa yote itolewe ndani ya pipa.

Kioo hicho Mwalimu alikisaga kwa mikono miezi kumi na minne. Hakuwa akicheza. Kioo kilipokaribia kwisha, daktari wa macho alimwambia wazi: jicho la kushoto ndiyo basi, la kulia lina mwaka mmoja, akibahatika mmoja na nusu. Mwalimu alitaka azione pete za sayari ya Zohali kabla jicho hilo halijazima. Hilo tu.

Sasa sikilizeni ugomvi wa kwanza. Pipa lilikuwa na tundu moja tu la kufungia geji, kile kipimo cha hewa iliyomo ndani.

"Tufunge hii yangu ya mshale," akasema Fundi Mkhoi. "Inasukumwa na gesi yenyewe. Haijui kudanganya."

Bi Mwasiti akacheka. "Hiyo itaona nini, Fundi? Mshale utalala sifuri wakati kazi ndiyo kwanza inaanza. Hii pampu ya turbo ina mapanga yanayokimbia vibaya sana. Ukiiwasha hewa ikiwa bado nzito, umeiua. Tunataka geji inayoona hewa kidogo mno."

"Ile geji ya ioni je?" akauliza Mwalimu.

"Ya ioni inaona kuliko zote, lakini hewa ikiingia ikiwa imewaka, waya wake unaungua, na wa akiba hatuna. Tufunge ya waya moto. Hewa ikiwepo, waya unapoa. Hewa ikitoka, unabaki na joto lake. Geji inasoma joto hilo, inatupa namba. Imepimiwa hewa ya kawaida."

Hilo la mwisho alilisema mara moja, ameinama anatafuta spana.

"Kwa hiyo haipimi msukumo," akasema Fundi. "Inakisia. Heri sikio langu."

"Wewe soma namba, baba. Hayo masikio yako ya gereji yaache nyumbani."

Tukacheka wote. Na mimi nilicheka, maana nilikuwepo, nimekwenda kuazima drili. Najuta kicheko kile.

Siku ya kazi ikafika, mchana kweupe, na mimi nimerudi kufuata drili ile ile. Pampu ndogo ikavuta, namba ikashuka. Pampu ya turbo ikawashwa, ikaimba vizuri. Alumini ikayeyuka kwenye waya wa kupashia, ikapanda kama mvuke, na kule juu, chini ya kifuniko kilikofungwa kioo, tukaona kupitia kidirisha cha pipa mng'ao ukitanda. Mwalimu alilia machozi. Pampu zikazimwa, valvu ya pampu ikafungwa. Ilibaki kurudisha hewa taratibu mpaka namba ifike mia nane na hamsini, ndiyo hewa ya nje ya Singida, kisha vibano vya kifuniko vilegezwe. Bi Mwasiti, furaha imempanda, akatoka nje kumpigia simu dada yake.

Upepo wa Singida mnaujua. Mwalimu akatazama vumbi mlangoni, akaogopa. "Fundi, hewa hii itanikwaruzia kioo. Ingiza agoni, ile gesi yako ya kuchomelea, ni safi."

Fundi akaunga mpira wa mtungi, akafungua kidogo, Mwalimu akisoma geji. Kumi. Ishirini. Thelathini. Namba ikaganda hapo.

"Bado?" akauliza Fundi.

"Bado. Ongeza."

Akaongeza. "Bado?"

"Thelathini na moja. Bado sana. Ongeza, Fundi."

Akaongeza. "Bado, Mwalimu?"

"Bado."

Jamani! Sijawahi kusikia mlio ule, na nisiusikie tena. Vibano vinne vilikatika kwa mpigo. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye bati, kikarudi chini kwenye saruji, na kioo kimefungwa humo humo. Mtu hakuumia hata mmoja. Kioo kilikuwa vipande.

Bi Mwasiti akaingia mbio. "Mmeingiza nini?"

"Agoni," akasema Mwalimu.

Akashika kichwa. "Agoni haipoozi waya kama hewa! Pipa limejaa pomoni, geji inaona karibu tupu! Si nilisema imepimiwa hewa?"

Hapo Fundi Mkhoi akafungua mdomo. "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba limejaa. Mtungi ulibadilisha sauti. Sikio langu liliniambia funga."

"Na hukufunga?"

"Niliambiwa masikio niyaache nyumbani."

Wallahi nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ule mlio. Mwalimu alikaa chini sakafuni, katikati ya vipande.

Kipande cha kioo cha pili kipo, bado hakijaguswa. Lakini kioo cha darubini husagwa na mikono ya mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Mikono ikichanganywa, umbo linaharibika. Wakakubaliana: mkosaji ndiye atakayesaga.

"Geji niliyochagua ilikuwa sahihi," akasema Bi Mwasiti. "Pampu si nzima? Nani aliniuliza kuhusu agoni?"

"Niliingiza gesi safi kulinda kioo changu," akasema Mwalimu. "Ulisema mara moja, Bi Mwasiti, tena ukitafuta spana. Ningejuaje?"

"Mimi nilifungua kwa kauli yenu," akasema Fundi. "Mlitaka namba, nikafuata namba."

Kisha wakanigeukia mimi. Wakasema jirani, wewe huna upande, amua.

Nikamtazama Bi Mwasiti, aliyejua akasema nusu. Nikamtazama Fundi, aliyesikia akanyamaza. Nikamtazama Mwalimu, aliyebadilisha bila kuuliza, na ambaye akihukumiwa yeye, kwa jicho moja atakwenda polepole, nalo litazima kioo kikiwa bado mikononi. Nikaondoka bila kuamua, na drili sikuazima.

Haya, ninyi mliokaa hapo mnatikisa vichwa. Kioo kinangoja, na jicho halingoji. Je, nani asage?