Ufunguo wa Banda la Tusekile

"Aliyetuletea taa hizi ni nani?" Mgeni rasmi aliuliza hivyo siku ya kukata utepe, na watu wazima mia mbili wakatazama viatu vyao.

Mama mmoja alikuwa na kijito nyuma ya migomba yake. Jina lake Tusekile. Enzi hizo umeme ulikuwa habari ya mjini. Kwa miaka saba alipima maporomoko ya maji kwa kamba, akachonga gurudumu la mbao, akazungusha waya wa shaba kuwa koili za mashine ya kufua umeme mpaka vidole vikachubuka. Wapita njia walimcheka: "Mama, na uzi huo unamfumia nani sweta?" Mwaka wa saba balbu ikawaka kwenye zahanati, na mtoto akazaliwa huku mkunga akiona anachofanya.

Hapo ndipo kamati nayo ilipozaliwa. Wanaume tisa, katiba, muhuri. Wakachukua ufunguo wa banda la mashine, banda alilolijenga yeye, wakampa mlinzi ambaye hajawahi kushika hata bisibisi. Siku ya utepe, mwenyekiti Andongolile alimwambia kwa upole, maana watu hawa huiba kwa upole, "Mama, wewe ndiye mwenyeji. Wageni watakula nini?" Basi swali la mgeni rasmi lilimkuta jikoni anamenya ndizi, hatua thelathini tu kutoka jukwaani. Alilisikia. Na kimya kilichofuata alikisikia pia.

Masika yakaja. Mfereji ukafurika, gurudumu likaenda mbio, na mlinzi hakujua kwamba lango la maji hushushwa ili kupunguza kasi. Koili zikaungua zote. Kamati ikamwendea Tusekile na kanga mpya mkononi. Akaitazama ile kanga, akasema: "Nipeni ufunguo wangu, nitatengeneza. Kanga hiyo kaifunikieni mashine."

Wakaondoka wakisema ana kiburi. Eti ana kiburi. Zahanati iko gizani mpaka leo, wanawake wanajifungua kwa kibatari, na ufunguo umehamia mfukoni mwa mwenyekiti, ambaye anaulinda kwa nguvu zote ili banda la mashine iliyokufa lisiingiwe na mtu anayejua kuifufua.

Wewe unayenisikiliza, usinipigie makofi. Kuna ufunguo wa mtu mfukoni mwako. Naomba ukamrudishie leo.