Digidigi na Bonde la Mikunazi

Hadithi nawaletea!
Ilete, tumekaa!
Mkisinzia je?
Tuamshe!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wakiombana moto na chumvi, aliishi Digidigi na mumewe. Walikwenda pamoja, walikula pamoja, walilala pamoja. Siku moja mume akaumwa, akafa.

Wanyama wakaja kumpa pole. Wakaja asubuhi, wakaja mchana, wakaja jioni. Digidigi hakupata hata nafasi ya kulia.

Akamwambia jirani yake Pimbi, "Shoga, nakwenda Bonde la Mikunazi. Ndiko tulikoanzia maisha, mimi na marehemu. Nitakaa huko mpaka mvua zinyeshe."

"Peke yako? Mwituni?"

"Peke yangu."

Basi akajiandaa. Mara ya kwanza akafunga kila kitu: mkeka, kinu, mchi, vyungu. Akajitwika. Kufika kwenye mwinuko, shingo ikamshinda. Akarudi.

Mara ya pili akasema, "Sichukui kitu." Akaenda mikono mitupu. Kiu ikamshika njiani, ulimi ukakauka. Akarudi.

Pimbi akacheka, kisha akamkalisha. "Kwani unahama, au unakwenda kulia? Chukua kibuyu cha maji, upande wa kanga na chumvi kidogo. Nami najua utakakokuwa. Mvua zikinyesha hujarudi, nakufuata."

Mara ya tatu, njiani akakutana na Fisi.

"Pole na msiba, bibi wee. Safari ya wapi?"

"Nakwenda kukaa kimya, bwana."

"Vizuri sana! Ila usimwambie mtu, watakufuata na kelele zao. Niambie mimi tu, nikulinde."

Digidigi akamtazama yale meno. Akasema kwa upole, "Nakwenda Korongo la Mawe. Lakini mimi mwendo wangu mdogo. Tangulia, bwana, ukanifagilie."

Fisi akatoka mbio. Kufika korongoni, akajikunyata nyuma ya jiwe, akangoja. Jua likampiga, akangoja. Njaa ikamkata, akangoja. Alipotoka korongoni mbavu zilionekana zote, na mgongo umeinama nyuma. Mpaka leo haujanyooka.

Digidigi naye akafika bondeni. Mikunazi ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa ileile. Hapa mumewe alimtikisia kunazi, zikamwangukia kichwani. Pale walijificha mvua, wakacheka mpaka ikakatika. Akakaa chini, akaimba:

Mikunazi, mwanikumbuka?
Tulikuja wawili.
Mikunazi, nipokeeni,
Nimerudi mmoja.

Akalia. Akalia kilio chote alichokuwa amekimeza. Kesho yake akalia tena, kidogo. Siku zikaenda. Akawa akikumbuka jinsi marehemu alivyoogopa panzi, mume mzima na pembe zake, anacheka peke yake.

Mawingu ya kwanza yalipokusanyika, akafunga kanga yake, akarudi nyumbani.

Pimbi akamkimbilia. "Shoga! Umemsahau?"

"Sijamsahau. Sasa naweza kumtaja."

Jioni hiyo akamtaja, na wote wakasikiliza.

Basi, wanangu, mtu akitaka kukaa peke yake, mwacheni akae. Lakini nawe uendaye, beba kinachokutosha, muage akupendaye, na usimfungulie moyo kila akupaye pole.

Nami hadithi nimeitua hapa. Utamu wake uchukueni, makapi niachieni.