Nungunungu na Lango la Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Nyie watu wazima mnajidai hadithi ni za watoto, na masikio mmeyatega. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kale hasa, wanyama walikuwa na chuo chao bondeni. Hapo palikuwa na binti mmoja, Nungunungu. Alisoma, akafaulu, zikabaki siku chache ahitimu. Na chuo kile kilikuwa na desturi. Siku ya mahafali, Mkuu wa Chuo, Mzee Simba, humwita kila mhitimu mbele ya watu na kumwuliza, "Utakuwa nani?" Mwenye jibu hupigiwa vigelegele. Asiye na jibu hushika kazi aliyotafutiwa na wazee wake.

Nungunungu hakuwa na jibu. Na kazi alikwisha tafutiwa. Mjomba wake alimwahidi Tajiri Fisi kwamba binti atalinda lango lake.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "Mungu kakupa miiba mgongoni. Ya nini kama si ya ulinzi? Unasimama langoni, unaitikisa, chakacha-chakacha, mwizi anatimua mbio."

"Ndiyo, mjomba," alisema Nungunungu, maana mjomba hajibiwi vingine. Lakini lango lile alilichukia. Kusimama kutwa peke yako, huna wa kupiga naye soga? Yeye alipenda watu. 

Akamwendea Kasuku, mwenzake wa darasani. "Wewe utakuwa nani?"

"Mtangazaji wa redio," akasema Kasuku. "Kaa hapa ujaribu."

Nungunungu akakaa mbele ya kipaza sauti. Mwili ukamtetemeka. Miiba nayo ikatetemeka, chakacha-chakacha, chakacha-chakacha. Bonde zima likadhani mvua imeanza. Kina mama wakatoka mbio kuanua nguo. Walipoona jua linawaka, walimsema Nungunungu mpaka basi.

Akamwendea Sungura. "Wewe utakuwa nani?"

"Mfanyabiashara. Nauza maputo ya mahafali. Hebu nishikie haya, nikanywe maji."

Nungunungu akashika. Upepo ukaja, fuuu. Maputo yakamwegemea mgongoni. Pa! Pa! Pa! Sungura aliporudi alikuta kamba tupu.

"Dada," akasema Sungura, "nakupenda sana, lakini biashara yangu uipitie mbali."

Ikafika asubuhi ya mahafali. Nungunungu kaketi nyuma ya bweni, analia. Lango la Fisi analiona lile, liko wazi, linamngoja. Mara akasikia kilio kingine. Alikuwa Mbega, mwenye nywele ndefu kuliko wote chuoni. Jana yake alicheza vichakani, na sasa nywele zimejaa mbegu za kishonanguo. Zimeshikana, kitana hakipiti.

"Nitapanda jukwaani hivi hivi?" alilia Mbega.

"Sogea hapa," alisema Nungunungu. Wala hakufikiri. Alichomoa mwiba mmoja mgongoni, chwa, akaanza kuchambua. Akachora njia katikati ya kichwa, njia iliyonyooka. Akagawa, akasuka, akafunga. Mbega akajitazama kwenye maji ya ndoo, akacheka.

Punda Milia akapita, akaona. "Na mimi, hii shingo yangu?" Kondoo akaja. Foleni ikakua. Nungunungu huku anasuka, huku anapiga soga, anauliza habari za mama wa huyu na mchumba wa yule. Miiba yake imelala kimya.

Mjomba akatokea kavaa kanzu, imetobokatoboka mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Fisi amekwisha fika. Unafanya nini hapo?"

"Nasuka."

Neno lilimtoka upesi, akajishangaa mwenyewe. Siku zote aliulizwa atakuwa nani, akahangaika kuwa Kasuku, akahangaika kuwa Sungura. Hakuna aliyewahi kumwuliza anafanya nini.

Ukumbini, Simba akanguruma. "Nungunungu. Utakuwa nani?"

Akapanda jukwaani. "Nitakuwa Nungunungu, mzee, kama nilivyo. Ila kazi yangu ni kusuka."

Watu wakacheka. Kisha waliosukwa wakapiga vigelegele, paa la ukumbi nusura ling'oke. Mjomba akaruka kutoka kitini.

"Na lango la watu je? Mnalijua lango lile? La chuma. Lina kibanda chake, lina kiti, lina filimbi. Asubuhi unapuliza, kila mtu anageuka. Unatikisa miiba, hapiti kiumbe. Mnaijua heshima ya kazi ile?"

Alisema mpaka machozi yakamlengalenga. Nungunungu akamtazama mjomba wake vizuri, akamhurumia.

"Mjomba," akasema kwa upole, "kwani wewe mwenyewe huitaki?"

Mjomba akageuka. Akamtupia Fisi jicho la aibu, kama mtoto anayetaka kuongezewa wali.

Fisi akajikuna shingo, pale penye nywele zilizosimama ovyo. "Mimi niliomba nungunungu mwenye miiba," akasema. "Yupi, sikuchagua. Nawe binti, kesho nikikuletea nywele hizi, utanitanguliza kwenye foleni?"

"Foleni ni foleni, mzee," alisema Nungunungu. "Wahi."

Kesho yake filimbi ililia langoni kwa Fisi, priii, na mjomba kifua mbele. Fisi mwenyewe hakuisikia. Alikuwa bondeni tangu alfajiri, nyuma ya Kondoo, anangoja zamu yake.

Basi wanangu, nanyi wazee mliotega masikio: kazi yako itafute katika yale mikono yako inayafanya bila kutumwa. Na anayekusukumia lango kwa nguvu, mwulize kwa adabu kama si yeye anayelitaka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia aamshwe, akalale kwao.