Ngiri na Miwa ya Kutafuna Nusu

Hapo zamani za kale, wala msiniulize mwaka gani, wanyama waliishi kijiji kimoja na kula shamba moja la miwa. Desturi yao ilikuwa hii: muwa hutafunwa mpaka makapi yakauke kabisa, ndipo ukatwe mwingine. Na nyumba haiongezwi chumba mpaka mtoto azaliwe. Kwa desturi hiyo, miwa ilitosha kila mwaka.

Ngiri hakuwa mgeni. Alizaliwa palepale, na shangazi zake wote walijulikana. Siku moja tu akaasi.

Kwachu! Anatafuna mara moja. Ptuu! Anatema, utamu bado umo, anakata mwingine. Kwachu, ptuu! Kwachu, ptuu! Makapi yale mabichi yalinata, basi akayakandika ukutani. Akajenga chumba, na chumba, na chumba kingine, wala hana mke wala mtoto wa kulala humo!

Majimaji ya makapi yakachacha, yakatiririka mpaka uani kwa jirani yake, Mama Kindi. Ukali wake usiseme! Hata siafu, walinzi wa kijiji, wakifika pale walipiga chafya, "Chya! Chya!" wakageuka.

Mama Kindi akaona ukuta umefika mlangoni kwake, shamba limebaki matuta matatu, na wanawe wawili wanalamba vidole vitupu. Moyo ukamwuma. Akaenda kwa wakubwa.

"Tuchome shamba lote!" akanguruma Kiboko. "Akose muwa, akome!"

"Mzee wangu, na wanangu wale nini? Na wewe tumbo hilo utalijaza upepo?"

Kiboko akalitazama tumbo lake, akarudi kuketi.

"Dawa yake ni pembe," akasema Nyati. Akaenda mbio, pu! Pembe zikanasa ukutani, ikabidi wenzake watatu wamvute mkia.

"Basi niachieni mimi," akasema Mama Kindi.

Wakacheka mpaka wakakaa chini. "Wewe? Ngiri akikohoa tu, unaangukia kijiji cha pili!"

Na nyinyi wasikilizaji wangu mnacheka? Ndani ya miili yenu mna seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli yenye afya huitumia sukari taratibu mpaka iishe utamu, tena hukua panapohitajika. Seli ya saratani ndiyo Ngiri: hufakamia sukari, huitumia nusunusu, masalia hujengea, uchachu wake hufukuza walinzi wa mwili, na kukua haikomi. Haya, turudi kwa Mama Kindi.

"Hodi, Bwana Ngiri!"

"Kwachu, ptuu! Unataka nini?"

"Nimekuja kukupa pole ya meno."

"Meno gani?"

"Yako, jirani. Kijiji kizima kinasema ni mabovu, ndiyo maana unatema. Eti hata bibi yangu kibogoyo anakausha muwa kuliko wewe."

"Nani? Mimi? Kibogoyo anishinde mimi?"

"Nimekutetea mpaka sauti imekauka! Lakini wanataka kuona kapi lako, kavu la kuwashia moto."

"Lete muwa!"

Ngiri akatafuna, kwachukwachukwachu, jasho likamtoka. Mama Kindi akalibonyeza kapi kwa kidole.

"Aa, bado bichi hili. Utaniaibisha."

Ngiri akalirudisha kinywani. Muwa mmoja ukamchukua kutwa nzima. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Siku ya saba taya zimevimba, tumbo limeshiba, na makapi ni makavu hata hayanati. Ukuta haukuongezeka shubiri moja. Uani kwa Mama Kindi pakakauka.

Siku ya nane siafu wakapita. Wakanusa. Hakuna cha chafya! Wakaingia kwa Ngiri, chumba kwa chumba, mpaka kitandani.

"Yalaa! Matako yangu! Yalaa!" Ngiri akachomoka na ukuta mzima, mkia kausimamisha wima siafu wasiukwee. "Kindi! Umenichezea!"

"Mimi? Mimi nimekufundisha kula tu, jirani!"

Hakuthubutu kurudi. Miwa ikachipua, watoto wa Mama Kindi wakashiba, na hadi leo ngiri akikimbia, mkia wake uko juu.

Kinachokua bila kipimo hakishindwi na mwenye mabavu, hushindwa na anayejua kinavyokula.